Barafu Iliyopanda Kigobe

Mitumbwi ilikuwa imekwisha kurudi ufukweni Kajaga, mukeke wamemwagwa juu ya turubai, na barafu haikuja. Médiatrice alisimama na simu sikioni, amelikodolea jua macho kana kwamba ni mgeni asiyealikwa. Samaki hawa hawana subira. Ukiwachelewesha kidogo tu, macho yao yanafanya ukungu, na ukungu huo hakuna maji yanayouondoa.

Hugues, mwenye kiwanda cha barafu na lori la kuisambaza, alipokea simu ilipokaribia kukatika.

"Mama Prodige, nisamehe. Mazutu akuna. Kamyo imelala."

"Juzi pia ililala."

"Mji muzima umelala, mama. We hauoni foleni?"

Aliziona. Nani asiyeziona? Magari yalikuwa yamejipanga mbele ya vituo vya mafuta kuanzia barabara kubwa hadi vichochoroni, madereva wakisinzia ndani, wake zao wakiwaletea chakula kwenye vibakuli. Kwa hiyo neno la Hugues lilikuwa gumu kulipinga, na hilo ndilo lililomkera Médiatrice. Udhuru ambao kila mtu anao, aliwaza, ni rahisi sana kuuazima.

"Nitumie ujumbe," alimwambia. "Andika hivyo hivyo, kwamba kamyo imelala."

Ujumbe ukaja. Médiatrice akamgeukia Lisette, mwanamke wa Uvira aliyefanya kazi naye ya kuosha na kupanga samaki, wakafunika mukeke kwa magunia yaliyoloweshwa maji, wakakodi vijana wa baiskeli, wakapeleka samaki hotelini.

Hoteli ilikuwa ufukweni, na meneja wake, Madame Ingrid, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alishuka mwenyewe hadi mlango wa jikoni, akamwinua samaki mmoja, akambonyeza ubavuni kwa kidole. Shimo la kidole likabaki pale pale.

"Madame Médiatrice, mkataba wetu unasema nini?"

"Samaki mubichi wa asubuhi ile ile."

"Huyu ni mubichi?"

Wapishi walikuwa wamesimama nyuma wakisikiliza. Samaki wote walirudishwa juu ya baiskeli, na Ingrid akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba ikirudia tena atatafuta mtu mwingine.

Watu wa Nyakabiga waliomjua Médiatrice tangu utotoni wangeweza kukuambia kwamba Hugues alikuwa amechagua mtu asiyechezewa. Mama yake aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba, na siku moja alinunua gunia kwa mwanamume aliyemtaja Mungu kila alipofungua kinywa. Juu walikuwa ndagala, chini mchanga. Médiatrice alikuwa bado mdogo, akamwona mama yake ameketi na mchanga ule mkononi. Tangu hapo akawa mtu wa kunusa. Alinusa unga dukani, alinusa maziwa, alifunua mashavu ya samaki hata kama anayeuza ni shangazi yake. Jirani mmoja alizoea kusema kwamba siku Médiatrice atakapofika mbinguni, Petro atasubiri mlangoni huku funguo zikikaguliwa.

Mume wake Pontien alikuwa kinyume chake. Alifundisha jiografia katika shule ya sekondari, aliimba pia katika kwaya ya parokia, na aliamini watu kirahisi, kama mtu anayelala mlango wazi. Binti yao Prodige alikuwa chuoni Gitega. Kwa miaka mingi nyumba iliendeshwa na mshahara wa mwalimu na beseni la mama, mpaka Médiatrice alipoamua kwamba beseni limetosha. Akaandikisha kampuni, akachonga muhuri wenye jina lake, akapata mkataba wa kupeleka samaki hotelini. Siku muhuri ulipotoka, aliupiga kwenye kipande cha gazeti, halafu kwenye kiganja chake, akakitazama kiganja kile mpaka wino ukakauka.

Ila samaki wa hoteli wanataka barafu ya uhakika, na hapo ndipo Pontien alipomleta Hugues. Walikuwa wakiimba pamoja, bega kwa bega. Wakaandikiana mkataba mbele ya avoka, yaani wakili: Hugues atamletea Médiatrice barafu kila asubuhi ya uvuvi kabla ya mteja mwingine yeyote, na Médiatrice hatanunua barafu kwingine. Kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba likitokea jambo lililo nje ya uwezo wa mtu, mtu huyo asihesabiwe kuwa amevunja ahadi.

"Na kama anadanganya?" Médiatrice aliuliza siku hiyo.

Hugues alicheka, Pontien akacheka, avoka naye akacheka. Wakatia saini wakati ziwa limefungwa ili samaki wazae. Lilipofunguliwa, barafu ilikuja vizuri kwa muda, kamyo ya buluu iliyobonyea ubavuni ikiingia Kajaga kabla ya mitumbwi. Kisha mafuta yakaadimika mjini, na kamyo ikaanza kulala.

Lisette ndiye aliyeleta neno la kwanza. Walikuwa wakiosha mabeseni.

"Mama, mi sipendi kusema vitu vya watu. Lakini ile siku Hugues alisema kamyo imelala, mi niliiona. Ilikuwa inapanda upande wa Kigobe. Imejaa."

"Ulijua je kama ni yake?"

"Ile mubonyeo. Na maji ilikuwa inatoka chini, tii, tii, tii, barabara yote."

Médiatrice aliendelea kusugua beseni. Kwanza alimshuku Lisette mwenyewe: kwa nini aseme leo, wala si siku ile ile? Alikuwa Kigobe kutafuta nini? Lisette, ambaye alimsoma mama huyu kama watu wanavyosoma hali ya hewa, akamwambia kwamba alikwenda kumwona dada yake anayefua nguo kwenye nyumba ya mkubwa mmoja, na kwamba alinyamaza kwa kuogopa. "Bwana yako ni rafiki yake," alisema. "Ningeingia katikati ya watu?"

Neno hilo, bwana yako, lilimwingia Médiatrice kama mwiba wa samaki. Kwa sababu nyumbani kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Pontien alikuwa ameacha kula samaki. Mtu aliyeweza kumla mukeke wa kuchoma mpaka mifupa ikang'aa, sasa alisukuma samaki pembeni ya sahani akachukua maharagwe. Mara tumbo linamsumbua, mara daktari wa shule kasema apunguze mafuta. Médiatrice alikuwa amewaza kwanza kwamba kuna mwanamke mahali anampikia. Alinusa mashati yake. Hakuna kitu, ila chaki na jasho.

Jioni ile alimpikia samaki wa sangala kwa nyanya na ndizi, akaketi mbele yake kumtazama. Pontien alikula ndizi.

"Baba Prodige, Hugues anapeleka barafu wapi?"

Uma ukasimama. "Kwani hakuletei?"

"Nimekuuliza anaipeleka wapi."

"Mi nitajua wapi? Mafuta hakuna, mama. Mvumilie. Usikimbilie mahakama na mtu wa kanisa."

Médiatrice hakuwa ametaja mahakama. Alitoa vyombo mezani, akajua kwamba mume wake anajua.

Kesho yake alikwenda kwa avoka mwingine. Huyu aliitwa Maxime, kijana mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa vumbi. Alisoma mkataba, akasoma ujumbe wa Hugues kwenye simu, akaegemea kiti.

"Kama kamyo yake ililala kweli, mama, tumeshindwa. Hakuna jaji Bujumbura atakayesema mafuta yapo. Lakini kama ilitembea ikaenda kwa mwingine, basi mafuta yalikuwepo, na aliyekosa nafasi ni wewe. Hapo amevunja mkataba. Niletee ushahidi."

Asubuhi iliyofuata ambayo Hugues aliandika tena kwamba kamyo imelala, Médiatrice alimwachia Lisette samaki awakaange wote, akapanda kwenda upande wa Kigobe. Dada yake Lisette alikuwa amekwisha kumwonyesha barabara. Aliketi kwenye kibanda cha mama mmoja aliyeuza vocha na fanta, akaagiza fanta, akaifungua, hakuinywa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na lango la chuma lililopakwa rangi nyeupe. Kibao kilikuwa kimefichwa na maua ya bougainvillea. Alidhani ni nyumba ya tajiri. Alishajipangia hadithi yote kichwani: kuna harusi, kuna mkubwa, kuna bia zinazotaka kupoa, na samaki wake wanaoza ili watu wanywe bia baridi.

Kamyo ya buluu ikaja. Maji yalikuwa yakidondoka, tii, tii, kama Lisette alivyosema. Lango likafunguliwa. Médiatrice akapiga picha: kamyo, namba yake, ule mbonyeo, wanaume wakiteremsha magunia meupe yanayotoa moshi wa baridi. Akapiga nyingine tena, kwa furaha ya mtu aliyemshika mwizi.

"Hapa kuna sherehe?" akamuuliza mwenye kibanda.

Yule mama alimtazama kwa mshangao. "Sherehe? Mama, hapa ni kliniki. Mulango huu ni wa nyuma."

"Kliniki inafanyia nini barafu yote hii?"

Mwenye kibanda alinyoosha kidevu tu kuelekea kwenye majani kando ya lango, na Médiatrice akaona kile ambacho macho yake yalikuwa yamekipita tangu alipoketi. Watu walikuwa wamekaa chini, wanawake kwa wanaume, kimya. Mmoja alikuwa ameushika msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe, ameuegemeza kwenye goti kama mtoto. Jina lilikuwa limeandikwa, tarehe ya kuzikwa ilikuwa bado.

"Umeme unakatika," mwenye kibanda akasema taratibu. "Jenereta haina mazutu. Wanawatunza marehemu na barafu. Wengine wanangojea watoto wao watoke Ulaya, wengine Canada. Wangefanyaje?"

Fanta ilimwagika. Médiatrice hakujua ni yeye aliyeigonga. Alichokuwa akikiona si lango tena; alikuwa akiona kamyo ile ile ikiingia Kajaga siku ambazo haikulala, magunia meupe yale yale, labda yametoka juu ya maiti, na yeye na Lisette wakiyapasua na kuyamwaga juu ya mukeke. Na akaiona sahani ya Pontien, samaki amesukumwa pembeni.

Alimngojea mumewe mlangoni mwa nyumba yao.

"Ulijua."

Pontien aliweka mkoba chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kubeba kitu na sasa kimeanguka chenyewe. Alisema kwamba mmoja wa kwaya alipofiwa, walikwenda kliniki kuuchukua mwili, na pale alimkuta Hugues akishusha magunia. Hugues alimsihi asiseme.

"Ukaacha kula samaki wako mwenyewe," Médiatrice alisema, "na mimi ukaniacha nile. Na Prodige alipokuja wikendi, akala."

"Hugues aliniapia kwamba magunia ya kule hayarudi."

"Kama ulimwamini, kwa nini hukula?"

Médiatrice akampita mlangoni, akatoka.

Kwenye kiwanda cha Hugues, mtaa wa viwanda, mashine zilikuwa zikinguruma. Kwa hiyo mazutu ipo, Médiatrice akawaza; au umeme umerudi; hakujua tena akisie nini. Hugues alimwona akija, na kabla hajasalimiwa akajua. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti nzito, na sasa sauti ile ilitoka nyembamba.

"Mama Prodige, kaa."

"Sikai. Nieleze."

Akaeleza. Ilianza na mtoto wa jirani yake aliyefariki. Wazazi walikuwa wakimngojea babu atoke Makamba, hakuna gari, na chumba cha maiti kimezimika. Kliniki ikampigia simu, akapeleka. Kesho yake kulikuwa na mwingine. Baadaye watu walimngojea langoni, wakimshika mikono, wakimwita kwa jina la baba yake. Mafuta aliyoyapata kwa tabu yalitosha safari moja, na kila asubuhi alipaswa kuchagua: Kajaga au Kigobe.

"Ungekuwa ni we, watu wanalia hivyo, ungefanya nini?"

"Ningewapa," Médiatrice alisema. "Halafu ningekupigia simu wewe, nikakuambia ukweli, ili utafute barafu kwingine. Walikulipa?"

Hugues aliangalia chini. "Walilipa."

"Kuliko mimi?"

"Walilipa, mama."

Wakati huo Médiatrice aliona kwamba ukutani, nyuma ya matangi ya maji, magunia meupe yalikuwa yametundikwa yakikauka. Yalikuwa mengi, yamefuliwa, yanapepea.

"Yale yametoka wapi?"

"Yale? Ni ya wateja wa kawaida. Baa, wauza juisi, wavuvi. Ya kliniki tunachoma. Naapa kwa Mungu."

"Yote ni meupe."

"Ndiyo, yote ni meupe, lakini..."

"Unayatofautisha namna gani?"

Kijana mmoja wa kazi alipita na beseni, akawatazama, akatazama magunia, akaharakisha. Hugues akarudia kwamba yanachomwa. Alilisema vizuri, kwa macho ya mtu mkweli, na Médiatrice alisimama pale akimsikiliza, pua yake imefunguka, wala hakunusa chochote isipokuwa sabuni na maji baridi. Hajapata kujua mpaka leo kama ilikuwa kweli.

Maxime alipoziona picha, aliruka kitini. "Tumeshinda, mama! Asubuhi ile ile aliandika kwamba imelala!"

"Na jaji atauliza ilikwenda wapi."

"Tutamwambia."

"Halafu watu watasema nini juu ya samaki wangu?"

Maxime hakuwa amefika huko. Akarudi kitini, akasema kwamba kuna njia nyingine: wamwonyeshe Hugues picha kimya kimya, akubali kulipa fidia, wavunje mkataba bila sababu kuandikwa, na kila mtu aende zake. Alilisema kwa upole, na lilikuwa wazo la akili. Médiatrice aliomba muda wa kulifikiria.

Siku hizo zilikuwa mbaya. Alipopita sokoni aliona barafu kila mahali: kwenye ndoo za wauza juisi, chini ya chupa za maji mbele ya kanisa. Kila mahali alijiuliza imetoka katika gunia gani. Aliwatazama watoto wakinyonya vipande vya barafu shingo zimeinuliwa, akatamani kuwapokonya. Akikutana na mtu anayemtazama kidogo zaidi, alidhani anajua. Ni Lisette pekee ambaye Médiatrice alimweleza yote, na Lisette akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Ile barafu, mi niliishika," alisema hatimaye. "Kila siku niliishika. Mama, ukinyamaza, wengine bado wanaishika."

Basi Médiatrice akapeleka kesi, akazungumza. Kwenye mahakama ya biashara, jaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea, na kwanza aliwauliza kama hawawezi kupatana. Avoka wa Hugues alisimama, akasema kwa Kifaransa kizuri kwamba mteja wake ni mhanga wa uhaba unaojulikana na dunia nzima, na kwamba mlalamikaji, baada ya kushindwa na kazi ya hoteli, anatafuta wa kumtupia lawama. Hugues alikuwa ameketi nyuma yake bila kuinua kichwa. Médiatrice akaomba ruhusa, akapeleka simu yake mezani kwa jaji, na kwa Kirundi, ili hata mlinzi wa mlangoni aelewe, akasema kamyo ilikwenda wapi na ilibeba nini. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe aliwalaza samaki wake juu ya barafu iliyoshuka kwenye kamyo hiyo, kwa kutokujua, na kwamba hafichi.

Jaji alivua miwani.

"Monsieur Hugues, ni kweli?"

"Ni kweli, madame. Lakini magunia tulichoma."

Hukumu ilipotoka ilikuwa fupi. Mafuta yaliyotosha kupanda Kigobe yangetosha kushuka Kajaga. Kifungu cha jambo lililo nje ya uwezo hakimkingi mtu aliyechagua. Hugues alikuwa amevunja mkataba. Na kwa kuwa jambo lenyewe liligusa afya za watu, jaji aliandika kwa wanaohusika, wakaja wakafunga kiwanda mpaka kikaguliwe.

Kwa hiyo Médiatrice alishinda. Jina lake likafika Kajaga kabla yake. Wanawake walionunua kwake walianza kununua kwa wengine, na wengine hao waliapa kwamba hawakuwahi kutumia barafu ya Hugues, ingawa yeye aliwaona kwa macho yake wakiipokea. Samaki wake wakapewa jina ambalo hakupenda kulirudia. Madame Ingrid alimwita ofisini, akamsikiliza, akamshukuru kwa kusema ukweli, na akauvunja mkataba. Alipofika mlangoni, Médiatrice alimsikia Ingrid akinyanyua simu na kuuliza, kwa sauti iliyoshuka, barafu ya baa inanunuliwa kwa nani.

Alirudi Nyakabiga. Yeye na Lisette wakafungua kibanda cha ndagala wakavu, samaki wasiodai barafu. Pontien alikuja kila jioni kusaidia kufunga, na walizungumza kidogo kidogo, kama watu wanaovuka mto kwa mawe. Alikuwa ameomba msamaha. Médiatrice alikuwa bado anaukagua.

Asubuhi moja alikuja mwanamke aliyevaa vizuri, hajulikani mtaani. Alishika ndagala, akaacha, akashika tena. Médiatrice alimshuku papo hapo: ni mtu wa Hugues, au wa gazeti, au amekuja kupiga picha.

"Unataka kupimiwa?"

"Ni we Médiatrice wa kesi ya barafu?"

"Unataka nini?"

"Naitwa Amélie. Baba yangu alikuwa kule kliniki kiwanda kilipofungwa." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma tangazo. "Kaka yangu alikuwa njiani kutoka Canada. Tulitafuta barafu mji muzima. Tukamzika bila yeye. Alifika tumeshatoka makaburini."

Lisette aliacha kupepeta. Médiatrice akaweka kipimo chini.

"Sikuja kugombana," Amélie akasema. "Nilitaka kukuona tu, nijue una sura gani." Akaondoka, hakununua.

Mchana kutwa Médiatrice alijiambia kwamba huenda ni uongo, kwamba Hugues anaweza kumtuma mtu yeyote mwenye nguo nzuri aje kumvunja moyo. Pontien alipokuja, alimuuliza kama anaijua familia hiyo. Aliijua. Kwaya iliimba kwenye maziko. Yule mzee aliwahi kuwa karani wa posta, na ni kweli, mwanawe aliyakosa.

Jumapili, baada ya misa, Médiatrice alimwambia mumewe amwongoze. Walichukua kreti ya vinywaji, kama watu wanavyofanya, wakaenda kwenye nyumba ya msiba, ambako viti vya plastiki bado vilikuwa vimepangwa uani. Amélie alimwona akiingia. Akasimama, akasita, kisha akamwonyesha kiti. Baadaye akaja mwanamume aliyevaa koti lisilofaa joto la Bujumbura, akipita kiti kwa kiti kushukuru watu. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipofika kwa Médiatrice alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante kwa kuja, mama. Ulimfahamu baba?"

Amélie alikuwa amesimama karibu, akisikiliza. Médiatrice angeweza kusema ndiyo, na hakuna mtu ambaye angemhoji.

"Apana," alisema. "Mimi ndiye niliyepeleka kesi ya barafu. Nimekuja kukupa pole."

Mikono ile haikumwachia mara moja. Mwanamume alimtazama usoni, muda mrefu, kama mtu anayejaribu kuamua jambo. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yake, akasema, "Basi nielezee. Dada yangu anasema moja, kliniki inasema lingine. We nieleze toka mwanzo."

Médiatrice akamweleza.